Altezza Iliyotunzwa Vyema: Yampasayo Kuyajua Mnunuzi na Mmiliki

Toyota Altezza ilianza kuuzwa nchini Japani mwaka 1998, na utengenezaji wake ukakoma mwaka 2005. Kwa hiyo hata ile iliyo changa kuliko zote ina umri wa takriban miaka 20. Pamoja na umri huo, gari hili halijapungukiwa na wapenzi katika visiwa vyetu. Lina milango minne, usukani wake uko kulia kama barabara zetu zinavyotaka, na mwendo wake ni wa gari la mbio. Mkaazi wa Mtambile anaweza kuwapakia watoto akawapeleka Chake Chake asubuhi, na jioni akateremka Mkoani peke yake kwa raha ya kuendesha tu. Ndiyo sababu bei ya lile lililohifadhiwa vizuri haishuki kwa urahisi, na ndiyo sababu pia limezungukwa na maneno mengi ya madalali.

Sifa ya magari ya Kijapani ya aina hii haikuzaliwa jana katika Afrika Mashariki. Datsun 240Z ilishinda mashindano ya Safari mwaka 1971 na tena 1973, na Toyota Celica ikashinda mara tatu mfululizo, 1984, 1985 na 1986, katika njia za vumbi na matope zilizoyashinda magari ya bei kubwa zaidi. Lakini magari yale yalikuwa na mafundi waliowasubiri madereva njiani na spea za kila namna. Mmiliki wa Mtambile hana msafara huo. Kifaa kimoja kikivunjika, huenda akasubiri kiletwe kutoka Unguja au Dar es Salaam kwa meli, na wakati huo gari limekaa chini ya mwembe. Ushauri tunaoutoa hapa umejengwa juu ya hali hiyo.

Kabla ya kutoa arubuni

Jambo la kwanza ni kujua ni Altezza ipi inayouzwa, kwa sababu zipo mbili zenye tabia tofauti. Namba ya chesesi inayoanza na GXE10 ni ya gari lenye injini ya 1G-FE, silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, nguvu za farasi 160. Inayoanza na SXE10 ina injini ya 3S-GE, silinda nne, na ile ya gia za mkono hufikia nguvu za farasi 210. Wengi huvutiwa na ya pili kwa ajili ya nguvu. Wajue kwamba injini hiyo hubana mchanganyiko wa hewa na mafuta kwa zaidi ya 11 kwa 1, na ilikusudiwa petroli ya daraja la juu, ambayo Japani huuzwa ikiwa na oktani ipatayo 100. Ikitiwa petroli ya kawaida, kompyuta ya gari hujirekebisha kwa kuchelewesha cheche, na nguvu aliyoilipia mnunuzi hupungua. Kwa mtu wa matumizi ya kila siku, tunaona GXE10 ndiyo inayomfaa. Si ya kasi sana, lakini ni tulivu, na mafundi wengi wanaijua injini yake.

Namba iliyo kwenye kadi ya gari ilinganishwe na ile iliyochongwa kwenye bodi, tarakimu kwa tarakimu, tena kwa macho ya mnunuzi mwenyewe, si kwa kusomewa. Kama injini imewahi kubadilishwa, kadi nayo iwe imebadilishwa. Muuzaji anayesema kwamba jambo hilo “litashughulikiwa baadaye” anamkabidhi mnunuzi tatizo lake.

Pili ni umri na kilomita. Hati nyingi za Kijapani na vibandiko vilivyomo ndani ya gari havitumii miaka tuliyoizoea, bali hesabu ya enzi za wafalme wao. Herufi H husimama kwa enzi ya Heisei. Ili kupata mwaka wa kawaida, ongeza 1988: H10 ni 1998, H17 ni 2005. Enzi iliyofuata, Reiwa, huandikwa R, nayo huongezwa 2018. Hesabu hii ndogo imefichua mengi. Gari linaloambiwa ni la 2004 huku mikanda yake ya viti ikiwa na lebo za mwaka 1999 lina swali la kujibiwa.

Mita ya kilomita hurudishwa nyuma kwa urahisi kuliko wengi wanavyodhani. Hati ya kufutiwa usajili iliyotolewa Japani kwa ajili ya kusafirisha gari nje huonyesha kilomita zilizorekodiwa katika ukaguzi. Karatasi ya mnada, ikiwepo, husema zaidi. Humo herufi A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi upya, S ni kutu, na XX ni kipande kilichobadilishwa. Daraja likiandikwa R au RA badala ya tarakimu, gari hilo limewahi kupata ajali na kutengenezwa. Si lazima likataliwe, ila bei yake haiwezi kuwa sawa na ya lisiloguswa. Muuzaji anayetaka bei ya gari “safi kabisa” aombwe karatasi hiyo. Akisema ilipotea, bei ishuke au mnunuzi aage.

Cheti cha ukaguzi uliofanywa kabla ya gari kupakiwa melini kisifahamike vibaya. Kinathibitisha kwamba siku ile gari lilikuwa katika hali ya kuingia barabarani. Hakisemi injini imebakiwa na uhai wa kiasi gani.

Baada ya karatasi, gari lenyewe. Tunapendekeza mnunuzi afike mapema asubuhi na aweke kiganja juu ya boneti kabla ya salamu kwisha. Boneti ikiwa na joto, gari limewashwa kabla yake, na gari linalowashwa kabla ya mgeni kufika mara nyingi lina ugumu wa kuwaka likiwa baridi. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Mweupe usiokatika hata injini ikipata moto ni maji yanayoingia katika silinda. Mweusi ni mafuta mengi kupita kiasi. Sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa ipitishwe kwenye milango na mbavu za gari, kwani pasiposhika pamejazwa puti. Chini ya gari patazamwe kwa tochi. Magari yaliyotumika kaskazini mwa Japani hupita juu ya barabara zilizomwagiwa chumvi ili kuyeyusha theluji, na kutu ya huko huanzia mahali pasipoonekana. Likifika kwetu hukutana na hewa ya bahari, basi kazi huendelea.

Mwisho wa ukaguzi, tafuta kibandiko cha mkanda wa taimingi katika chumba cha injini. Injini zote mbili za Altezza hutumia mkanda wa mpira, ambao kwa kawaida hubadilishwa kila kilomita 100,000. Kibandiko kikiwepo kitaonyesha kilomita, na pengine tarehe kwa hesabu ya enzi tuliyoieleza. Kama hakuna kibandiko wala risiti, mnunuzi ahesabu kwamba haujabadilishwa kamwe, na gharama ya kuubadilisha aitoe katika bei. Ukikatika gari likiwa mwendoni, valvu zinaweza kugongwa na pistoni, na hapo tatizo la mkanda limegeuka kuwa tatizo la injini nzima.

Kifaa kinachoweza kuua hali gari limesimama salama

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu jambo hili halisemwi vya kutosha na linahusu maisha ya watu.

Eabegi, yaani mfuko wa hewa unaofumuka mbele ya dereva au abiria wakati wa ajali, hujazwa na kifaa kidogo chenye kemikali inayolipuka. Kampuni ya Takata ya Japani ilitengeneza kwa miaka mingi vifaa vilivyotumia amonia naitreti. Ilibainika kwamba kemikali hiyo, ikikaa muda mrefu katika joto na unyevunyevu, huharibika. Siku mfuko unapofumuka, mlipuko huwa mkali kupita kiasi, kasha la chuma hupasuka, na vipande vyake humrukia yule yule ambaye mfuko uliwekwa kumlinda. Watu wamekufa kwa ajali ambazo vinginevyo wangetoka na michubuko. Nchini Marekani pekee takriban vifaa milioni 67 viliamriwa virudishwe. Toyota, Honda, Nissan, Mazda, Subaru na Mitsubishi zote zilihusika, katika baadhi ya magari yao ya mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Joto na unyevunyevu ndiyo hali ya hewa ya Pemba mwaka mzima. Gari ambalo lingekuwa na hatari ndogo katika nchi ya baridi hukaa kwetu katika mazingira yale yale yanayoiharibu kemikali hiyo haraka. Hatusemi kwamba kila Altezza, au kila gari la Kijapani la umri huo, lina kifaa hicho. Linalosema ni namba ya chesesi. Watengenezaji wana utaratibu wa kutafuta kwa namba hiyo, na mmiliki anaweza kumwomba mwakilishi wa kampuni au mwagizaji aliyeleta gari amtafutie na kumpa jibu kwa maandishi. Gari likiwa katika orodha na halijabadilishiwa kifaa, mtu asikae kiti kinachohusika mpaka libadilishwe.

Kuna makosa mawili ya kuepukwa. La kwanza ni kununua eabegi ya mtumba iliyotolewa katika gari bovu: huenda ndiyo hiyo hiyo iliyoamriwa kurudishwa. La pili ni kumwachia fundi asiye na mafunzo aifungue. Kifaa hicho ni baruti, na kimewekwa sentimita chache kutoka kifuani mwa mtu.

Gari linapochemka

Barabara za Pemba ni za vilima. Gari lililosafiri vizuri Unguja, ambako ardhi ni tambarare zaidi, linaweza kuonyesha udhaifu wake siku ya kwanza tu linapopanda kutoka Mkoani likiwa na abiria wanne na mizigo. Mshale wa joto ukipanda, simama, zima injini, na subiri. Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe injini ikiwa ya moto. Maji yaliyomo yamebanwa kwa shinikizo na huruka usoni yakiwa yanachemka.

Sababu ya kuchemka huwa ni moja kati ya chache: kifuniko cha rejeta kilichochoka, feni isiyofanya kazi, pampu ya maji, themostati iliyoganda, au rejeta yenyewe. Tangi la juu la rejeta za magari haya ni la plastiki. Plastiki hiyo hubadilika rangi kuwa ya kahawia kabla ya kupasuka, na aonaye rangi hiyo ameonywa mapema.

Ushauri unaotolewa mara nyingi katika gereji zetu ni kuitoa themostati kabisa, kwa hoja kwamba “nchi yetu ni ya joto, haihitajiki.” Hoja hii haina msingi. Themostati haikuwekwa kwa ajili ya baridi ya Japani peke yake. Kazi yake ni kuifikisha injini haraka katika joto lake la kazi na kuidumisha hapo. Ikitolewa, injini hubaki chini ya joto hilo, hasa kwenye mteremko na usiku. Kompyuta hudhani gari ndiyo kwanza limewashwa na huendelea kuongeza mafuta. Mmiliki huanza kulalamika kwamba gari “linakunywa”, fundi hubadilisha plagi, kisha sensa, kisha nozeli, na kila kifaa kina bei yake, hali chanzo ni kifaa kidogo cha bei nafuu kilichotupwa siku ile ya kwanza. Anayenunua Altezza iliyotumika humu nchini aulize waziwazi: themostati ipo?

Maji matupu ya kisima pia hayafai. Huacha chumvi ndani ya njia nyembamba za rejeta na kuila alumini ya silinda hedi. Maji maalumu ya rejeta huzuia kutu na huchemka katika joto la juu zaidi.

Taa ya injini na bili isiyokwisha

Taa ya injini inapowaka kwenye dashibodi, kompyuta imehifadhi namba ya hitilafu. Namba hiyo inataja mahali palipoonekana tatizo, si kifaa cha kununua. Tuchukue namba P0171, ambayo maana yake ni kwamba mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta. Fundi mwenye haraka ataagiza sensa ya oksijeni, kwa kuwa ndiyo iliyotoa taarifa. Lakini katika gari la miaka 20 na zaidi, mara nyingi kosa ni mpira wa hewa uliopasuka kwa uzee, unaoingiza hewa isiyopimwa. Sensa imesema kweli. Kuibadilisha ni kumfukuza mjumbe kwa ajili ya habari aliyoileta.

Kwa hiyo kabla ya kulipia spea yoyote, mmiliki ana haki ya kuuliza maswali mawili: namba ya hitilafu ni ipi, na umejuaje kwamba ni kifaa hiki wala si waya au mpira unaokwenda kwenye kifaa hiki? Fundi mzuri hukasirishwa kidogo na swali la pili, kisha hulijibu. Ifahamike pia kwamba magari ya soko la ndani la Japani ya miaka ile hayasomwi na kila kipimo. Kipimo cha bei ndogo kikishindwa kuunganika, si dalili kwamba kompyuta imekufa.

Kifaa cha zamani kilichotolewa ni mali ya mwenye gari na kirudishwe kwake. Kipya kiandikwe katika risiti kwa namba yake, na mmiliki asikubali risiti iliyoandikwa “spea za gari” tu. Akikuta baadaye kwamba amewekewa cha bandia, risiti ya namna hiyo haitamsaidia popote.

Mengine machache

Hitilafu nyingi za umeme katika pwani yetu huanzia kwenye viungo vilivyoliwa na chumvi. Betri yenye afya, gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, husoma takriban volti 12.6. Injini ikiwaka husoma kati ya 13.5 na 14.5. Ikiwa vipimo hivyo viko sawa na gari bado lina matatizo ya taa, nyaya za kutuliza umeme kwenye bodi zisafishwe kabla ya kununua chochote. Gari lililovushwa juu ya sitaha ya meli lioshwe kwa maji baridi siku hiyo hiyo, chini zaidi kuliko juu.

Mafuta ya breki hufyonza unyevu na hubadilishwa kila baada ya miaka miwili, hata kama gari halitembei sana. Mipira ya breki ikunjwe kidogo kwa mkono, na yenye nyufa itolewe. Matairi ya saizi ya 215/45R17, ambayo Altezza nyingi za kimichezo zilikuja nayo, ni membamba ubavuni na hayana huruma na mashimo ya njia za ndani. Tarakimu nne za mwisho ubavuni mwa tairi ni wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililopita miaka 10 halifai hata kama kashata zake bado ni ndefu. Wakati wa mavuno, karafuu huanikwa pembezoni mwa barabara na watoto huwa karibu nazo, na tairi kuukuu juu ya lami iliyolowa halisimami pale dereva alipokusudia.

Redio ya Kijapani hupokea masafa ya FM kuanzia 76 hadi 90 tu, ndiyo maana haipati vituo vyetu vingi. Si ubovu, na mtu asilipishwe kwa “kuitengeneza”. Inahitaji kibadilisha masafa au redio nyingine.

Mauziano yakiharibika

Muuzaji akiandika “gari limeuzwa kama lilivyo”, maneno hayo hayampi ruhusa ya kusema uongo juu ya kilomita, ajali au mwaka wa gari. Sheria ya Zanzibar ya mwaka 2018 inayohusu ushindani halali na kumlinda mlaji inakataza maelezo ya kupotosha kuhusu bidhaa. Lakini maelezo ya mdomo ni vigumu kuyathibitisha. Kwa hiyo hati ya mauziano itaje kilomita zilizosomwa siku hiyo, namba ya chesesi na ya injini, kasoro zilizokubaliwa, na kiasi cha arubuni pamoja na masharti ya kuirudisha. Mashahidi wawili watie saini. Picha ya dashibodi na tangazo la muuzaji zihifadhiwe kwenye simu.

Ikidhihirika kwamba mnunuzi amedanganywa, amwandikie muuzaji kwanza na kumpa muda uliotajwa wa kujibu. Gari lisifunguliwe na fundi wa pili kabla hali yake haijapigwa picha, kwani muuzaji atasema ubovu uliletwa na huyo wa pili. Asiporidhika, malalamiko yaletwe kwetu yakiwa na hati ya mauziano, risiti, barua iliyopelekwa kwa muuzaji, karatasi za Japani na picha. Ziletwe nakala, hati halisi zibaki nyumbani kwa mlalamikaji.